Alikutwa Hivi

Mkurugenzi wetu hajui kutazama picha. Anachojua ni kusoma maneno yaliyo chini ya picha, tena kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja mzima, kisha anainua macho kidogo kuhakikisha kwamba picha imefanya kama ilivyoagizwa. Mwaka huo Idara ya Ustawi wa Jamii ilikuwa inatimiza miaka sitini, na kwa kuwa haikuwa na jipya la kuonyesha, iliamua kuonyesha ya zamani. Ndipo nikaitwa mimi.

Kazi yangu ni kufufua picha. Nasafisha negativu zilizoota ukungu, naziba mikwaruzo, nachapa upya, na mtu aliyekuwa amefifia anarudi na vifungo vyote vya shati lake. Nilipewa chumba cha chini kabisa katika jengo, kati ya stoo ya viti vilivyovunjika miguu na choo cha wafanyakazi. Humo mlikuwa na meza ya mwanga, yenye kioo juu na taa chini yake, makabati manne ya bati, na orodha ya picha ishirini. Ya kwanza ilikuwa ya ukuta wa mlango mkuu.

"Hii iwe kubwa," Mkurugenzi alisema. "Mgeni akiingia tu, imkabe koo. Historia yetu yote imo humu."

Kila mtu wa rika langu ameiona picha hiyo, kwenye mabango, kwenye kalenda za Idara, kwenye vitabu vya uraia. Mwanamke amekaa juu ya sakafu iliyojaa majivu. Nyuma yake kitanda kimepinduliwa, sufuria zimetawanyika, na kando yake mtoto wa miaka mitano ana masizi hadi kwenye kope. Chini imeandikwa: ALIKUTWA HIVI. Ubavuni kuna picha ya pili. Mwanamke yule yule na mtoto yule yule, ila chumba kinang'aa, kitanda kimetandikwa, wote wawili wanacheka. BAADA YA MIEZI MITATU CHINI YA UANGALIZI WA IDARA.

Mwanamke huyo ni mama yangu. Mtoto ni mimi.

Sikumwambia Mkurugenzi, wala asidhani mtu kwamba nilinyamaza kwa hekima. Nilinyamaza kwa aibu. Nilichukuliwa nyumbani nikiwa na miaka hiyo hiyo mitano, nikapelekwa makao ya watoto, na kwenye korido ya kwenda bwaloni walikuwa wameitundika hiyo picha ya majivu. Matroni wetu, mwanamke aliyekuwa na funguo nyingi kuliko akili, aliwasimamisha wageni mbele yake, akaninyooshea kidole mimi nikiwa na bakuli langu mkononi: "Tazameni alikotoka." Mtoto akionyeshwa kitu kila siku wakati wa chakula, hakumbuki tena kingine. Sikuwa na kumbukumbu ya nyumbani kwetu, nilikuwa na picha.

Na ile ya pili, ya kucheka? Nilijijengea maelezo yangu. Idara ilimsafisha mama, akapendeza miezi mitatu, kisha akarudia uchafu wake, ndipo wakanichukua. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alikuja kunitembelea. Mimi nilijificha chumba cha kufulia, nyuma ya mapipa ya shuka, mpaka aondoke. Alikuja hivyo miaka saba, hadi mama mdogo aliponichukua nikaishi kwake.

Sasa mama anaishi kwangu, chumba cha nyuma, mwaka wa tisa huu. Nilimchukua kwa sababu watu wangesema, na sioni haja ya kuipaka rangi sababu hiyo. Akiosha vyombo, navirudia. Akifagia, napita nyuma yake na ufagio. Nilikuwa nafanya hivyo mbele yake bila kificho, na yeye alikuwa anakaa kwenye kiti chake akitazama mikono yake. Nikasema moyoni, anajua alichofanya.

Jirani ndiye aliyemletea habari za maonyesho. Niliporudi kazini siku hiyo nilimkuta mama amesimama katikati ya sebule.

"Mwanangu, nikuombe kitu."

Katika miaka tisa hakuwa ameniomba hata chumvi.

"Omba."

"Ile picha. Isitundikwe."

"Sipangi mimi, anapanga Mkurugenzi."

"Lakini kazi iko mikononi mwako. Iharibikie huko huko. Tafadhali."

"Ungeona aibu siku ile ulipokuwa umekaa kwenye majivu," nilimwambia. "Leo umechelewa."

Mama alikusanya vikombe akaenda kuviosha, nami nikamfuata nikavirudia. Nilijiona mwenye haki kabisa.

Kesho yake nilitoa bahasha ya picha hiyo kwenye kabati la tatu. Wapiga picha wa zamani walikata filamu vipande vya fremu sita sita, wakavitia kwenye karatasi laini, wakaandika tarehe juu. Bahasha hii ilikuwa na tarehe moja na vipande viwili. Niliviweka kwenye meza ya mwanga, nikainama na lenzi yangu.

Pembeni mwa filamu kuna namba. Hazichapwi na mpiga picha, zinachapwa kiwandani kabla filamu haijaingia kwenye kamera, na hakuna mkubwa wa idara anayeweza kuzihamisha. Picha ya majivu ilikuwa fremu ya kumi na nne. Nikatafuta ile ya kucheka, ambayo kwa maneno ya Idara ilipigwa miezi mitatu baadaye. Ilikuwa fremu ya tatu.

Nilidhani ni filamu mbili tofauti zilizochanganywa na mzembe fulani, maana wazembe humo hawakuwa haba. Nikafuata mkwaruzo mwembamba ulioachwa na kamera, ulianza fremu ya kwanza ukaenda sawasawa hadi ya kumi na nane. Filamu moja. Nikatazama ukuta. Kivuli cha nondo za dirisha kilikuwa juu ya kitanda katika fremu ya tatu, na katika ya kumi na nne kilikuwa kimesogea upana wa kiganja kimoja. Siku moja, basi, na saa moja hivi katikati.

Mama yangu alikutwa akicheka, kitanda kimetandikwa, mtoto amesukwa nywele. Majivu yalikuja baadaye.

Kipande cha katikati, fremu ya saba hadi ya kumi na mbili, hakikuwemo. Nilijua wa kumuuliza.

Mpiga picha wa Idara alikuwa bado hai, tena alikuwa apewe tuzo siku hiyo hiyo ya maonyesho. Enzi zile watoto wa mitaani walimwita Simama Hapo, kwa kuwa ndiyo salamu yake. Nilimkuta kwake, vyumba viwili vya ghorofani vilivyopangwa kwa mstari, anasugua viatu vya sherehe vilivyokuwa vimeng'aa tayari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Simama hapo kwenye mwanga nikuone."

Nilimwambia mimi ndiye fundi wa maonyesho na kwamba nakosa kipande kimoja cha filamu ya ile picha ya majivu. Hakubabaika hata chembe. Alinyanyuka, akavuta boksi la viatu rafuni, akachambua bahasha kwa vidole vyake safi, na akakitoa.

"Hizi sikuziacha ofisini. Hizi ni za jikoni, si za mezani. Ila negativu situpi, mimi si mshenzi."

"Kwa nini Baada ilipigwa kwanza?"

"Wewe ni fundi, utanielewa." Alikaa, akaweka kiatu kwenye goti. "Mtu mchafu kumsafisha ni kazi ya siku nzima. Maji yachemshwe, nywele zikauke, nguo zitafutwe. Mtu msafi kumchafua ni dakika kumi. Mimi nina filamu moja, gari moja, na familia nne kabla ya saa kumi jioni. Sasa hao watu wakisikia mgeni wa serikali anakuja, wanafagia, wanajipamba, wanakungoja mlangoni. Ungefanyaje? Unapiga Baada wakiwa tayari. Halafu unatengeneza Kabla."

Alisema "unatengeneza" kama mtu anayezungumzia kachumbari. Nimekutana na waongo wengi katika kazi hii, wengi wao wanajua kuona haya. Huyu alikuwa ananifundisha.

"Na wao wanakubali?"

"Wengi hawana neno. Huyu mama alikuwa mbishi. Alikuwa anashona nguo kwa mkono, na afisa wetu, yule Bibi wa Ustawi wa wakati ule, akamwambia picha inakwenda kwa wafadhili, italeta cherehani. Ndipo akakubali, shingo upande."

"Ililetwa?"

"Cherehani? Hilo si la idara ya picha."

"Na mtoto alichukuliwa kwa nini, kama nyumba ilikuwa safi?"

Hapo alipunguza sauti, si kwa majuto. Alikuwa na umbea wa ofisini wa kunisimulia.

"Lile lilikuwa kosa la kiofisi. Baada ilibidi ikae kwenye droo yangu miezi mitatu. Huwezi kutoa Kabla na Baada siku moja, watu si wajinga. Kwa hiyo kwenye faili tukaweka Kabla peke yake. Katikati hapo Bibi wa Ustawi akahamishwa, akaja afisa mpya, kijana, ana bidii mpaka kero. Akafungua faili, akaiona, akalia, nakuambia, alilia kweli. Kesho yake akachukua gari akaenda kumuokoa mtoto."

"Alifika kwenye nyumba safi."

"Akaandika kwamba mama amesafisha ili kumdanganya."

"Na hamkumwambia?"

"Nani amwambie? Ukimwambia hii ni ya kutengeneza, atauliza na zile nyingine. Kulikuwa na kabati zima, binti yangu."

"Na miezi mitatu ilipotimia mkaitoa Baada. Mama na mtoto wanacheka. Mtoto akiwa makao."

"Tarehe yake ilikuwa imefika," alisema.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Watu hawa walitunga uongo, wakausahau, wakaja kuusoma kwenye faili lao wenyewe, wakauamini, wakatuma gari. Kisha wakaufanyia sherehe. Sijui kama kuna tusi linalowatosha, na mimi matusi nayajua.

Nilikiinua kipande cha filamu kuelekea dirishani. Mtu wa kazi yangu anasoma negativu bila kuichapa, nyeupe anaiona nyeusi na nyeusi nyeupe, macho yamezoea. Fremu ya saba: dereva anapindua kitanda. Ya nane: mama amesimama mlangoni, amekunja mikono. Ya tisa: mtoto anaingia kutoka nje, amekumbatia kopo kubwa kwa mikono miwili. Ya kumi: mtoto anamwaga majivu sakafuni, mdomo wazi, anacheka hadi macho yamefumba. Ya kumi na moja: anajipaka usoni. Ya kumi na mbili: mama ameketi chini, amemshika mtoto kifundo cha mkono, na mtoto bado anacheka.

Simama Hapo alisogea kutazama pamoja nami.

"Alikuwa mchangamfu kupita kiasi, huyo. Dereva alisita kumwaga, sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile ile. Nikamwambia mtoto huu ni mchezo, atakayeleta majivu mengi nampa peremende. Alikimbia jikoni mara tatu! Bila yeye nisingeipata picha."

"Ni mimi," nilisema.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Nikangoja. Sijui nilingoja nini, pengine neno moja tu la kibinadamu. Uso wake wote ukachanua.

"Wewe! Kumbe umekua hivi! Simama hapo, hapo hapo dirishani, usitikisike. Nikupige moja. Hii sasa ndiyo Baada yenyewe!"

Akageuka kutafuta kamera, nami nikatoka na kipande changu bila kuaga. Ngazi nzima nilikuwa namtukana. Nilipofika chini nilikuwa nimeishiwa na wa kutukana, nimebaki mimi peke yangu.

Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele. Nilimwekea filamu mbele ya sinia. Hakuhitaji lenzi. Aliitazama kidogo tu kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha mezani polepole.

"Kwa hiyo umeiona."

"Ndiyo sababu ulitaka picha isitundikwe? Si kwa ajili yako?"

"Nilijua ukianza kuchokonoa zile bahasha utafika huku. Wewe ukianza kitu huachi."

"Miaka arobaini na sita, mama! Ulinyamaza! Nilikuwa najificha nyuma ya mapipa ya shuka, nawe uko getini na kikapu. Hata ningekufukuza, ungesema tu: nyumba ilikuwa safi."

"Ningesema, ungeuliza majivu yalitoka wapi." Akarudi kwenye mchele, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Usiku wa kwanza walipokuchukua nilisema asante Mungu hakumbuki. Nikaona bora unichukie mimi. Mimi mtu mzima, nitabeba. Mtoto akijua ameibomoa nyumba yake mwenyewe kwa mikono yake, ataishije?"

"Nilikuwa na miaka mitano. Nilidanganywa kwa peremende."

"Ndivyo unavyosema leo una kazi na nyumba. Ungesema hivyo una miaka minane, uko bwaloni kwao?"

Nililia, tena vibaya, kwa makamasi, na mama akanipa kitambaa cha kufutia vyombo maana ndicho kilichokuwa karibu. Nilimwomba radhi. Alisema yamekwisha, kwa sauti ile ile ambayo watu husema chai imepoa.

"Sasa iharibu," akasema. "Yote."

Hapo ndipo nilipomkatalia mara ya pili, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Nilimwambia mji mzima umemtazama akiwa kwenye majivu miaka arobaini na sita, nitautazamisha tena, safari hii kwa mpangilio. Alisema mimi ni mbishi. Nilimwambia ubishi nimeurithi kwake, Simama Hapo ni shahidi.

Kwa Mkurugenzi sikwenda kuomba ruhusa. Ningemweleza angesema sherehe si mahakama, angeunda kamati. Nilimpelekea kile anachokijua, orodha ya maneno. ALIKUTWA HIVI. BAADA YA MIEZI MITATU CHINI YA UANGALIZI WA IDARA. Alisoma kwa sauti, akaridhika, akatia sahihi. Herufi sikuigusa hata moja. Nilichapa fremu zote kumi na nane, kila moja ukubwa wa meza, namba zake za kiwandani zikionekana pembeni, nikazitundika kwa mfuatano kuanzia mlangoni. Chini ya fremu ya tatu, chumba kinang'aa, nikabandika ALIKUTWA HIVI. Chini ya fremu ya kumi na nne nikabandika lile la uangalizi wa Idara. Nikafunika ukuta wote kwa pazia.

Siku ya maonyesho nilimpeleka mama, nikamkalisha mstari wa mbele, mkoba wake mapajani. Simama Hapo alikaa viti vitatu kutoka kwake na hawakusalimiana. Mkurugenzi alisema mengi kuhusu utu, akavuta kamba, pazia likaanguka, na akaanza kusoma kama kawaida yake. "Alikutwa hivi," alisoma, kwa mkono ulionyooshwa kuelekea kitanda kilichotandikwa. Akakohoa. Akasoma tena, safari hii kwa sauti ya kawaida, kisha akatembea kufuata ukuta, na sauti ikamkauka mahali fulani kati ya dereva na kopo. Aliwaita vijana wa ukumbi wazishushe picha. Wageni walikuwa wameshasimama, wamemzunguka, hapakuwa na pa kupitisha ngazi.

Walisoma namba. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake taratibu, ona, ya tatu, kumi na nne. Mtu mmoja alimgeukia Simama Hapo akamuuliza kitu, na mzee akaanza kueleza habari za maji kuchemshwa na nywele kukauka. Nilikuwa na furaha mbaya, sitakataa. Kisha nikasikia mwanamke aliyevaa vizuri akicheka nyuma yangu: "Jamani, kumbe ni huyu mtoto! Mtazameni anavyomwaga!" Wengine wakasogea fremu ya kumi kuona.

Mama alinyanyuka. Nilidhani anakwenda kwenye fremu ya tatu, ajione alivyokuwa. Aliipita bila kugeuza shingo. Alipenya kati ya watu kwa bega, akasema samahani, samahani, akafika fremu ya kumi, akaupa ukuta mgongo, akasimama. Ni mfupi, lakini mtoto wa kwenye picha ni mfupi zaidi. Aliubana mkoba kifuani na kuwatazama wageni usoni.

"Mama, sogea kidogo tuone," mtu mmoja akamwomba.

"Hapa hakuna kitu. Piteni mbele."

Nilimfuata, nikamshika kiwiko. "Mama, ondoka hapo. Waache waone. Nimeitundika mwenyewe, kwa hiari yangu."

"Wewe ni mtu mzima, fanya utakavyo," alisema. "Huyu ana miaka mitano."

Na hakusogea mpaka ukumbi ulipofungwa.